Bwana na Ndugu: Unyenyekevu na Kiburi katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika somo la mnyambuliko wa vitenzi na wanafunzi wa mwaka wa pili niliandika ubaoni vitenzi vinne: kunyenyekea, kunyenyekeza, kunyenyekezwa, kujinyenyekeza. Nilitaka tu waone kazi ya viambishi. Mwanafunzi mmoja, ambaye bibi yake ni Mulokole wa siku nyingi, akainua mkono akauliza: "Mwalimu, mtu aliyenyenyekezwa na mtu aliyejinyenyekeza, si wote wako chini tu?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu la sarufi lililomtosheleza, kwa hiyo nikamjibu kwa historia. Makala haya yametokana na jibu hilo, ambalo kengele ililikata katikati.

Historia yenyewe inaanzia Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda. Wamisionari wa Kianglikana wa Ruanda Mission, waliokuwa chini ya Church Missionary Society, walianzisha hospitali hapo katika miaka ya 1920. Mwaka 1928 alifika daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliyesomea Cambridge. Hakukuta hali njema. Njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929 ilikuwa imeikumba nchi, watu walikufa njiani wakitafuta chakula, na hospitali ililemewa. Wafanyakazi walichoka na daktari alichoka. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi.

Nsibambi alikuwa Mganda, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Alikuwa na elimu na ukoo mzuri, na alikuwa ametumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Alitarajia kupata ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, lakini hakuupata, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika kukosa huko ndipo alipotambua ni kitu gani alichokuwa akikitafuta kwa kweli. Daktari na mtumishi huyo walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Msomaji wa leo anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini akumbuke kwamba mwaka huo wa 1929 mzungu wa misheni alimfundisha Mwafrika, alimbatiza, alimwajiri na pengine alimtibu. Kukaa naye sakafu moja na kumwambia, "nimepungukiwa, nisaidie", halikuwa jambo la kawaida. Wanahistoria wengi wa Uamsho huanzia mkutano huo wa watu wawili, nami naona wana haki.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye neno "bwana", kwa sababu sisi ni walimu wa lugha na neno hili limebeba mizigo mingi. Katika Kiswahili cha pwani bwana ni mume, ni mwenye mali, ni mwenye mtumwa, na pia ni namna tu ya kumwita mwanamume kwa heshima. Wakoloni walilichukua wakalivaa wenyewe: bwana mkubwa, bwana shauri, bwana daktari. Wafasiri wa Biblia nao walilihitaji kwa jina la Mungu, na katika Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 tunalikuta kwa herufi kubwa, BWANA. Basi neno lile lile lililotumiwa kanisani kwa Mungu lilitumiwa nje ya kanisa kwa mzungu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi. Salamu ya "Bwana asifiwe" ilipoenea miongoni mwa watu wa Uamsho katika nchi za Kiswahili, pamoja na mazoea ya kuitana "ndugu" pasipo kujali cheo, ilikuwa ikipanga upya nani ni bwana na nani si bwana. Sidhani kwamba kuna aliyekaa akalibuni jambo hilo kwa makusudi. Lugha ina njia zake.

Turudi Gahini. Mkuu wa wasaidizi wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka. Yeye na daktari hawakuelewana. Kinuka alikuwa na malalamiko yake juu ya kazi na juu ya wazungu, na ukisoma habari za hospitali ile unaona kwamba si yote yalikuwa ya bure. Mwaka 1931 alikwenda Kampala kwa Nsibambi. Nsibambi alimsikiliza akieleza mabaya ya Gahini, kisha akamrudisha kwenye moyo wake mwenyewe: taabu ya hospitali haikuwa kwa wengine peke yao, ilikuwa kwake pia. Kinuka alirudi akiwa mtu mwingine, na baadaye akawa kasisi na mmoja wa nguzo za Uamsho katika Rwanda.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kila nikikisikia huwa na wasiwasi nacho. Kama kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha mfanyakazi Mwafrika aliyelalamika akaambiwa atubu. Hapo neno sahihi lingekuwa kunyenyekezwa, tena kwa kiambishi cha kutendwa kilicho wazi kabisa. Kilichokiokoa ni kwamba daktari naye alilazimika kupita njia ile ile. Church aliandika na kusema mara nyingi kwamba wamisionari walipaswa kutubu kiburi chao, ukali wao na ile hali ya kujiona bora kwa sababu ya rangi na elimu. Katika vikundi vya ushirika mzungu aliungama mbele ya wale aliowapa amri asubuhi. Wako wamisionari waliokataa katakata, wakasema kufanya hivyo ni kuvunja heshima ya kazi. Wengine walikubali, na baada ya hapo haikuwa rahisi tena kwao kurudi kwenye ubwana wao kama zamani.

Desemba 1933 palikuwa na mkutano wa siku kadhaa Gahini. Siku za mwanzo zilipita kimya, mahubiri yakafanywa na hakuna kilichotokea. Siku ya mwisho Mkristo mmoja Mwafrika akasimama akaanza kuungama dhambi zake, wengine wakafuata, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya saa mbili. Mwaka 1935 jambo kama hilo likatokea Kabale, Kigezi. Januari 1936 Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa akitumika Gahini, alifika Uganda akiwa tayari kuzungumza mbele ya sinodi juu ya usingizi wa kanisa. Akashikwa na homa ya kupe akafa kabla ya kusema. Kifo chake kiliwagusa watu kuliko ambavyo hotuba ingewagusa. Mwaka 1937, kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 60, Askofu Cyril Stuart aliwaita watu wa Uamsho wahubiri katika dayosisi yake. Mwaka huo huo timu ilikwenda Kabete nchini Kenya, na mwaka 1938 Maseno. Kabla ya Vita Kuu ya Pili moto ulikuwa umefika pia upande wa Bukoba, Tanganyika.

Timu hizi zilikuwa za watu mchanganyiko: Mganda, Mnyarwanda, Mkiga, Mwingereza, kasisi na asiye kasisi. Ndani ya Uganda lugha yao kubwa ilikuwa Kiganda, na wimbo wa Tukutendereza umebaki katika Kiganda hata katika mikutano ya Kenya na Tanzania ambako pengine hakuna anayejua Kiganda hata kidogo. Lakini walipovuka mpaka walihitaji Kiswahili, na hapo wafasiri walikutana na shida ambayo nawaombeni walimu wenzangu muitazame.

Neno kuu la Uamsho lilikuwa okumenyeka. Kwa Kiswahili tutasema kuvunjika. Maana yake ni mtu kuacha kujitetea, shingo yake ngumu ilainike, akiri kosa pasipo kuongeza "lakini". Sasa jaribu kumwambia Mswahili kwamba umevunjika moyo. Atakupa pole, kwani kwake umekata tamaa. Zaburi ya 51 imeutaja moyo wa namna hiyo, na wafasiri wa Biblia hawakuwa na njia ya kuepuka, ila msikilizaji asiyezoea lugha ya kanisa hupotea hapo. Ndiyo maana watu wa Uamsho wa Kiswahili hupenda kusema tu "kuvunjika" bila moyo, au "kuvunjwa msalabani". Angalieni pia kwamba kuvunjika ni kauli ya kutendeka, kwa hiyo mtendaji hatajwi. Sikuvunjwa na fulani, nimevunjika. Kwa watu waliokuwa chini ya serikali ya kikoloni, ambako kila siku palikuwa na mtu wa kuwavunja, kauli hiyo iliwapa nafasi ya kuinama bila ya kuinamia mtu.

Lakini tusiipambe historia. Ilipofika 1941 hali ilikuwa mbaya katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono. Wanafunzi wa Uamsho waliamka usiku kabla ya mapambazuko kuomba, kisha wakawahubiria wenzao, na hata walimu wao, wakitaja wizi, uasherati na mafundisho ambayo kwao yalikuwa yamelegea. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, alipiga marufuku mikutano ya alfajiri. Wanafunzi hawakutii. Oktoba mwaka huo wanafunzi 26 walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda, mmoja wa wahubiri mahiri kuliko wote Uganda iliowahi kuwatoa.

Nani alikuwa na kiburi pale Mukono? Chuo kilisema ni wanafunzi: vijana wasiotii wakubwa, wanaowahukumu makasisi, wanaojiona wao ndio waliookoka na wengine wote wako gizani. Wanafunzi walisema ni chuo: watu wenye vyeo wasiotaka kuambiwa dhambi zao. Mimi naona kila upande ulisema kweli juu ya mwenzake. Mtu anaweza kuungama dhambi zake kwa sauti kubwa na bado akawa na majivuno ya kuungama. Na mkuu anaweza kutetea utaratibu huku anachotetea hasa ni kiti chake.

Malalamiko hayo hayakutoka chuoni peke yake. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya Uamsho, ameonyesha jinsi machifu na wazee wa makabila mbalimbali walivyochukizwa na maungamo ya hadharani. Kwao haikuwa habari ya kiburi hata kidogo. Ilikuwa habari ya staha. Mambo ya nyumbani yana mahali pake. Anayeyatoa barabarani anawavua nguo wazee na jamaa zake. Tena anayeungama mara nyingi hawezi kujitaja bila kumtaja mwenzake, maana wizi na uzinzi havifanywi na mtu mmoja. Unyenyekevu wa mmoja ukawa fedheha ya mwingine. Sisi tuliolelewa katika desturi za kusema kwa mafumbo tunawaelewa wazee hao vizuri.

Jambo ambalo lingeweza kutokea baada ya Mukono, na ambalo lilitokea mahali pengi Afrika, ni kujitenga na kuanzisha kanisa jipya. Wale wanafunzi 26 walikuwa na sababu, walikuwa na wafuasi, na Nagenda alikuwa na ulimi. Hawakufanya hivyo. Askofu Stuart naye alijitahidi kutafuta njia ya kuishi pamoja nao. Balokole walibaki ndani ya kanisa lililowafukuza, wakiketi kwenye mabenchi ya nyuma, wakitoa zaka kama kawaida. Wengi wa wale waliofukuzwa hawakuwekewa mikono kamwe. Nagenda alibaki mlei maisha yake yote, akahubiri Ulaya, Marekani na India, na maaskofu walikaa wakamsikiliza. Nikiulizwa ni wapi hasa katika historia hii unyenyekevu ulionekana, sitataja maungamo ya Gahini. Nitataja kule kubaki.

Baada ya muda wale waliosimama mlangoni wakawa ndio wenye nyumba. Mei 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Namirembe maaskofu wanne Waafrika: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika na Daniel Deng Atong wa Sudan. Kariuki alikuwa mtu wa Uamsho waziwazi. Yeye na ndugu zake wa Kikuyu walikuwa katikati ya vita vya Mau Mau wakati huo. Wengi wao walikataa kula kiapo, wakakataa vilevile kushika silaha za serikali, na wako waliouawa kwa sababu hiyo. Cheo kilipowafikia watu wa namna hii kilileta swali jipya. Kukataa ubwana wa wengine kulikuwa kazi moja. Kuwa na fimbo na kofia ya askofu, gari, na watu wanaosimama unapoingia, ni kazi nyingine.

Festo Kivengere anafaa kutajwa hapa, hasa katika jarida letu, kwa kuwa ni Mganda wa Kigezi aliyekijua Kiswahili vizuri. Alikwenda Dodoma kufundisha katika miaka ya 1940, akakaa Tanganyika zaidi ya miaka 10, na Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960 Kivengere ndiye aliyemfasiria kwa Kiswahili. Alikuwa msemaji ambaye watu walimfuata kama nyuki wanavyofuata maua, na alijua hatari ya jambo hilo. Alipenda kusimulia jinsi siku moja alivyogombana na mkewe, Mera, kisha akachukua Biblia yake kwenda kuhubiri, na dhamiri yake ikamwambia arudi jikoni kwanza. Alirudi akaomba msamaha. Ni kisa kidogo, wala hakina askofu ndani yake, lakini alikisimulia hata baada ya kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, mbele ya watu waliomwita Baba Askofu.

Kisha ikaja Februari 1977. Askofu Mkuu wa Uganda alikuwa Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka Januari 1948. Katika ujana wake alikuwa mkali sana, na kati ya watu wa Uamsho kule kwao liko kundi lililotumia vipaza sauti kuwakemea Wakristo wengine na hatimaye likajitenga. Luwum hakwenda nalo. Alikwenda Buwalasi kusomea ukasisi. Askari wa Idi Amin walipoipekua nyumba yake usiku, maaskofu walimwandikia Rais barua ya wazi, bila mafumbo, wakitaja mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala. Wengine wakaambiwa waende nyumbani, Luwum akabakizwa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Hakuna aliyeamini. Kivengere na Mera walitoroka kwa miguu wakivuka milima kuingia Rwanda, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake ambacho jina lake lilikasirisha Waganda wengi, kwa maana kilitamka upendo kwa Idi Amin.

Mwanafunzi wangu aliniuliza kama wote hawako chini. Barua ile ya 1977 ndiyo jibu nililompa. Iliandikwa na watu waliofundishwa tangu ujana kwamba kiburi ni dhambi ya kwanza, na haikuwa na woga ndani yake. Mnyonge hunyamaza kwa sababu hana la kufanya. Mtu aliyekwisha kuacha kujitetea hana tena cha kupoteza katika kuwatetea wengine. Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti, unyonge na unyenyekevu, nasi katika insha za wanafunzi huyakuta yakichanganywa kila muhula.

Upande mwingine wa kumbukumbu ni mchungu zaidi. Rwanda, ambako Uamsho ulizaliwa, ndiko kulikotokea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na makanisa yalikuwa kati ya mahali watu walipouawa. Wako abarokore waliokufa wakiwaficha jirani zao. Wako pia viongozi wa makanisa waliokuwa wamekaa karibu na wakubwa wa serikali kwa miaka mingi, wakizoea magari yao na viti vyao vya mbele, na saa ilipofika hawakuwa na neno. Lugha ya toba walikuwa nayo tangu 1933. Dhambi walizozoea kuziungama zilikuwa za mtu binafsi: pombe, wizi, hasira. Kiburi cha kabila na kiburi cha taasisi havikuwa na mahali katika orodha hiyo. Desemba 1996, mjini Detmold, Ujerumani, Wakristo Wahutu, Watutsi na Wazungu walikaa pamoja, kila kundi likaungama kwa ajili ya watu wake. Mwaka 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda wakaomba msamaha kwa makosa ya waumini wao, na mwaka 2017 Papa Francis akafanya hivyo kwa ajili ya Kanisa lake. Wapo waliosema maneno yamechelewa, na wapo waliosema hayakutosha. Kusema "tulikosa" ni kugumu kuliko kusema "nilikosa", na si kwa sababu ya sarufi.

Uganda nayo ilipata mgawanyiko wake, usio wa damu. Kikundi cha Abazukufu, walioamka upya, kilitokea kati ya Balokole kikidai kwamba wenzao wamelala, kikakaza masharti, hasa juu ya kukopa fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ushirika ulikuwa umepasuka wazi. Jina lao limetokana na kitenzi okuzukuka, kuamka, na mtu hawezi kujiita aliyeamka bila kumtaja jirani yake aliyelala. Hapo nadhani somo la mnyambuliko linafika mahali ambapo haliwezi kumsaidia mtu zaidi.

Nsibambi alikufa mwaka 1978. Hakuwahi kuwa kasisi. Kwa miaka mingi ya mwisho alikuwa mgonjwa, akikaa nyumbani kwake, na watu walimwendea kutoka Kenya, Rwanda na Tanzania, wakiwemo maaskofu, wakaketi.

Wazee wa ushirika wanazidi kupungua, na maneno yao yanakwenda nao. Wanafunzi wanaotoka Kigezi, Ankole, Kagera, Gahini na kwingineko wanaombwa, wakati wa likizo, wawaulize wazee wao ni maneno gani waliyotumia kwa kiburi, kuvunjika na kuungama katika lugha za nyumbani, na yalivyotafsiriwa kwa Kiswahili katika mikutano. Waandike neno, mahali na mwaka kama unajulikana, na kumbukumbu hizo ziletwe ofisi ya idara kabla ya muhula kuanza.